Tuanze na Kasha: Kuunda Kompyuta Yenye Nguvu Chini ya Mlima Kilimanjaro

Shule inapopata fedha za kompyuta yenye nguvu, mazungumzo ya kamati huanza kwa kawaida na prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote. Kisha huhamia kwenye kadi ya picha, kisha kumbukumbu, kisha diski. Kasha hutajwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha, nalo huchaguliwa kwa rangi yake. Maoni yangu ni kwamba katika Mkoa wa Kilimanjaro utaratibu huo hauna budi kugeuzwa. Anayekusudia kuunda kompyuta ya kazi nzito mjini Moshi, au Himo, au Marangu, yampasa aanze na kasha, na kabla ya kasha aanze na hewa ya mahali hapo: joto lake, vumbi lake, unyevu wake na hata uzito wake.

Najua swali ambalo mwalimu mkuu ataniuliza kabla sijaendelea. Shule ya sekondari yataka kompyuta yenye nguvu kwa kazi gani? Kwa kupiga chapa barua na kuandaa mitihani haihitajiki hata kidogo. Kompyuta mpakato yatosha. Lakini fikirini juu ya kazi moja ambayo shule za mkoa huu zina haki ya kwanza kuifanya. Picha za setilaiti za Landsat zilianza kupigwa mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 hutolewa bure kwa mtu yeyote. Picha moja ya namna iliyoanza mwaka 1982 hufunika eneo la kilometa 185 kwa 180 hivi, na kila kitone chake ni uwanja wa mita 30 kwa 30. Hivyo kwa kila rangi ya mwanga unaoonekana mna vitone zaidi ya milioni 35. Mwanafunzi wa kidato cha tano akitaka kulinganisha picha za miaka 40 ili apime ukingo wa msitu, mashamba ya miwa ya TPC, au barafu ya Kibo, ambayo eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, atahitaji mashine ya kweli. Huo ni utafiti, na mlima wenyewe uko dirishani. Sioni kwa nini kazi hiyo ifanywe na vijana wa Ulaya na Marekani peke yao.

Basi tuchukue kwamba mashine hiyo itaundwa, na kwamba inapofanya kazi nzito itakula wati 400 hivi. Jambo la kwanza ambalo wanafunzi yawapasa kulielewa ni kwamba hesabu haibebi nishati ikaondoka nayo. Karibu kila wati inayoingia kwa waya hutoka ikiwa joto. Kwa maneno mengine, tumeweka juu ya meza kitu kinachotoa joto kiasi cha nusu ya pasi ndogo ya umeme, tukakifungia ndani ya sanduku, na kukitaka kifikiri kwa saa nyingi mfululizo.

Joto hilo lisipotolewa, prosesa haiungui mara moja kama watu wanavyodhani. Prosesa za siku hizi zina akili ya kujilinda: joto lake likikaribia nyuzi 95 au 100 za Sentigredi, hujipunguzia mwendo zenyewe, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Hapa ndipo hasara ilipo. Shule imelipia mwendo mkubwa, na kwa sababu ya kasha baya inapata mwendo mdogo, wala hakuna anayejua. Zaidi ya hayo, zile kapasita za kimiminika zilizomo katika bodi kuu na katika kigeuza umeme (mafundi wa mjini hukiita pawasaplai) hupoteza nusu hivi ya umri wake kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Kompyuta ambayo ingedumu miaka minane yaweza kufa baada ya minne, na kamati italaumu umeme.

Ni hewa kiasi gani basi inayotakiwa kupita ndani ya kasha? Hesabu hii mwalimu wa fizikia aweza kuifanya ubaoni kwa dakika kumi. Kupandisha joto la kilogramu moja ya hewa kwa nyuzi moja kwahitaji jouli 1,000 hivi. Wati 400 ni jouli 400 kwa sekunde. Tukitaka hewa itoke ikiwa na nyuzi 10 tu zaidi ya ilivyoingia, kila kilogramu itabeba jouli 10,000. Kwa hiyo twahitaji gramu 40 za hewa kila sekunde. Dar es Salaam, kando ya bahari, siku ya nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilogramu 1.16 hivi, na gramu 40 ni kama lita 34. Mjini Moshi, kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900, kanieneo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa joto lilelile, mita ya ujazo haifiki sana zaidi ya kilogramu 1.05, na gramu 40 zimekuwa lita 38.

Feni haijui gramu. Feni husukuma ujazo. Kwa sababu hiyo feni ileile ikipandishwa kutoka pwani hadi Moshi yapoza kidogo zaidi kwa udhaifu, na ikipandishwa hadi Marangu, kwenye mita 1,400 hivi, hudhoofika tena. Wako wanaosoma jambo hilo wakakata tamaa juu ya shule za mlimani. Wamesahau baridi. Siku ambayo Marangu ina nyuzi 20, gramu 40 za hewa ni lita 39 hivi, tofauti ndogo mno na Moshi. Lakini hewa hiyo imeanzia nyuzi 20, wala si 30. Hewa inayotoka nyuma ya kompyuta ya Marangu ina joto sawa na ile inayoingia mbele ya kompyuta ya Moshi. Shule za Kibosho, Machame na Marangu zina zawadi ambayo mwenye kompyuta wa mjini hawezi kuinunua.

Nikirudi kwenye feni: feni ya kawaida ya milimita 120 yaweza kuandikwa juu ya boksi lake kwamba husukuma lita 25 kwa sekunde. Kipimo hicho huchukuliwa feni ikiwa wazi, bila kizuizi. Ikiwekwa nyuma ya chujio, hutoa nusu tu au pungufu. Tatu za namna hiyo ndizo zinazokaribia lita 38 zetu. Kwa hiyo kasha lisilokuwa na nafasi ya feni tatu za kuingiza hewa lisinunuliwe kwa kazi hii mjini Moshi, hata likiwa zuri namna gani. Majarida ya ng'ambo yatawaambia kwamba mbili zatosha, na kwao zatosha kweli, kwa maana hupima makasha katika chumba cha nyuzi 20 au 22. Mimi mwenyewe nilisomea shahada ya udaktari katika nchi ambako, kwa miezi mitano ya mwaka, mtu alishukuru joto la kompyuta lililomtoka miguuni. Ushauri ulioandikwa katika hali hiyo hauna kosa. Umeandikwa tu kwa hewa nyingine.

Hadi hapa ingeonekana kwamba jibu ni rahisi: tununue kasha lililo wazi kabisa, lenye wavu mbele, juu na kando, hewa ipite itakavyo. Ingekuwa hivyo kama si vumbi. Mji wetu una jina la moshi, lakini katika kiangazi mtu wa mzaha angeupa jina jingine. Udongo wa tambarare za kusini, unaotokana na miamba ya volkano, ukikauka huwa laini kama unga. Na mchana, jua linapopasha miteremko, upepo huvuma kutoka tambarare kuelekea mlimani ukilibeba vumbi hilo. Usiku mwendo hugeuka, hewa baridi ikashuka kutoka juu. (Shule yenye kazi ya saa kumi ya kukokotoa picha ingefanya busara kuianza jioni.) Zaidi ya udongo, shule ina vumbi lake yenyewe, nalo ni chaki. Nimeona vyumba vya kompyuta ambavyo mashine zimepangwa chini ya ubao, mahali panaponyeshewa chaki kila kipindi. Tena liko jiko la shule, ambalo mara nyingi bado latumia kuni: masizi yake yana mafuta, nayo yakitua juu ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa huwa gundi ya kushikia vumbi lote lijalo. Brashi haitoshi tena hapo.

Tabaka la vumbi juu ya mapezi ni blanketi. Kwa hiyo kasha lililo wazi pande zote hupoza vizuri kwa mwezi mmoja, na baada ya kiangazi kimoja hupoza vibaya kuliko lililofungwa. Kinachotakiwa ni kasha lenye uso wa wavu mpana upande wa mbele, na nyuma ya wavu huo chujio la nailoni linalochomoka kwa mkono bila bisibisi. Nasema bila bisibisi kwa makusudi. Chujio linalohitaji fundi halitaoshwa. Linalochomoka kama droo litaoshwa na zamu ya wanafunzi kila Ijumaa ya pili, likaanikwa kivulini, likarudishwa likiwa limekauka kabisa. Chandarua cha mbu hakifai kwa kazi hii, kwa sababu matundu yake yazidi milimita moja. Soksi ndefu za kike za nailoni, zikivutwa juu ya fremu, zafaa kuliko wengi wanavyokubali kusema hadharani.

Liko na jambo la pili, ambalo hata mafundi hodari hulipuuza. Feni zinazoingiza hewa kupitia chujio zinapaswa kushinda kwa nguvu zile zinazoitoa. Hapo kanieneo la hewa ndani ya kasha huzidi kidogo lile la nje, na kila ufa, kila tundu la skrubu, hutoa hewa badala ya kuivuta. Zikizidi za kutoa, vumbi litaingia kwa kila mlango usio na chujio. Tatu mbele na moja nyuma ni mpango mzuri. Wengine huweka feni za kutoa juu wakisema kwamba hewa ya moto hupanda. Ni kweli hupanda, lakini ndani ya kasha lenye feni mwendo huo wa asili ni dhaifu mno. Na tundu kubwa la juu, mashine inapozimwa, huwa ni kinywa kilichoachwa wazi kwa kila kinachoanguka kutoka darini. Mimi ningeliziba.

Mijusi na mende nao wasisahauliwe. Hupenda kigeuza umeme kwa sababu kina joto, na mjusi mmoja kati ya nyaya za volti 230 hutosha kumaliza kila kitu pamoja naye. Tundu lolote la kasha lisilo na wavu lisizidi upana wa milimita chache.

Juu ya makasha ya kioo yenye taa za rangi, nitasema machache. Kioo cha pembeni hakina dhara kubwa. Kioo cha mbele ni kosa, kwa maana huziba pale hasa ambapo hewa ingeingia, na feni zilizo nyuma yake huvuta kupitia nyufa za pembeni kama mtu anayepumua kupitia kanga. Vijana watavitaka, nami naelewa. Lakini chumba cha kompyuta si ukumbi wa dansi. Na kwa hao walimu wanaofunika kompyuta kwa kitambaa kilichodariziwa: uzuri huo uje baada ya mashine kuzimwa na kupoa, usiwepo kamwe inapofanya kazi. Mkulima wa kahawa wa Old Moshi hahitaji kufundishwa haya. Huanika kahawa yake juu ya meza ya wavu iliyoinuliwa kutoka ardhini, ili hewa ipite chini na juu, wala halundiki magunia chini ya meza hiyo.

Kwa shule za juu tatizo huwa unyevu zaidi ya joto. Kuanzia mwezi wa Juni hadi wa Agosti mawingu hukaa juu ya miteremko, na vyuma hupata jasho. Kompyuta inayofanya kazi hujikausha yenyewe. Inayoumia ni ile iliyofungiwa katika chumba chenye unyevu kwa likizo nzima. Na iwashwe saa chache kila wiki, na isiwekwe sakafuni, ambako maji ya kudeki na vumbi la ufagio hukutana.

Sasa naja kwenye hoja ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, nayo yahusu nani atengeneze kasha. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo yalikuja kuondolewa baadaye. Hivyo wengi wetu tulikutana na mashine hizi zikiwa tayari zimefungwa, mara nyingi zikiwa msaada kutoka ofisi za ng'ambo zilizokwisha kuzichoka. Mashine nyingi za ofisi zina makasha ya umbo la pekee: bodi kuu haina vipimo vya kawaida, kigeuza umeme hakifanani na kingine chochote. Kikifa, fundi wa Moshi hana cha kuweka badala yake, na mashine nzima huingia stoo kwa sababu ya kipande kimoja.

Kasha la vipimo vya kawaida halina ubaya huo. Kipimo kiitwacho ATX kilitangazwa na kampuni ya Intel mwaka 1995: bodi kuu ya milimita 305 kwa 244, yenye matundu ya skrubu mahali palepale siku zote. Yapata miaka 30 imepita, na kipimo hicho bado chatumika. Maana yake ni kwamba kasha jema lililonunuliwa au kutengenezwa leo laweza kubadilishiwa bodi, prosesa na kadi mara tatu bila lenyewe kubadilishwa. Katika kompyuta nzima, kasha ndilo kitu pekee ambacho shule yaweza kukinunua mara moja kwa kizazi kizima cha wanafunzi. Hiyo ni sababu ya pili ya kutoliachia fedha zilizobaki.

Tena, kasha ndilo sehemu pekee ya kompyuta ambayo twaweza kuitengeneza wenyewe. Prosesa hatutaitengeneza Moshi kesho. Lakini mafundi bati wanaotengeneza tranka za wanafunzi wa bweni hukata, hukunja na kuunganisha bati kila siku, na kasha la kompyuta ni tranka lenye matundu. Napendekeza hivi. Sehemu ngumu ni ile bamba la kushikia bodi kuu na mgongo wenye matundu ya nyaya, kwa sababu huko kosa la milimita moja huharibu kazi. Sehemu hizo zikatwe kutoka kasha kuukuu la ATX lililokufa, ambalo mafundi wa kompyuta wa mjini hawakosi. Zilizobaki, yaani kuta, uso, mfuniko na fremu ya chujio, zitengenezwe kwa bati la chuma la unene wa milimita moja hivi, kingo zote zikunjwe zisikate mikono, na uso uachwe na nafasi ya feni tatu za milimita 120, ambazo matundu yake ya skrubu huachana kwa milimita 105. Vipande vyote viguse chuma kwa chuma, rangi ikwanguliwe kwenye maungio, ili kasha zima liungane na waya wa ardhi wa plagi. Na soketi yenyewe ipimwe kwanza na fundi umeme, kwa maana soketi nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Kazi ya kutoboa na kupiga tupa iishe yote, kasha lioshwe na kukaushwa, ndipo bodi iletwe chumbani. Chembe moja ya chuma chini ya bodi yatosha kuiunguza.

Wako watakaouliza kwa nini tusitumie mbao, ambazo ni rahisi zaidi. Kwa upande wa joto mbao hazina kosa kubwa, kwa sababu joto hutolewa na hewa, si na kuta. Lakini mbao haziungani na ardhi, hazizuii mawimbi yanayovuruga redio, na hushika moto.

Mashine ikisha kuundwa, ipimwe na wanafunzi wenyewe kwa vipimajoto viwili vya maabara. Kimoja kiwekwe mbele ya chujio, kingine kwenye tundu la nyuma linalotoa hewa, mbali na ncha za feni. Ipewe kazi nzito kwa nusu saa, kisha tofauti isomwe. Ikiwa nyuzi 10 hivi, hesabu yetu ya ubaoni imesimama. Ikizidi 15, ama chujio limeziba, ama feni hazitoshi, ama iko feni iliyofungwa kinyume, kosa ambalo hutokea mara nyingi na ambalo karatasi iliyoshikwa mbele ya wavu hulifichua mara moja. Vipimo hivyo vichukuliwe mwezi wa Februari na mwezi wa Julai, viandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kuosha chujio. Na shule ya Himo ibadilishane daftari lake na shule ya Marangu.